Nilitaka gesi, nikaishia leba

Kwenye usaili wa kazi za afya kuna swali moja ambalo wote tunalijibu kwa uongo: "Kwa nini ulichagua fani hii?" Nimekaa kwenye mabenchi ya usaili mara tatu. Kila aliyetoka ndani alitusimulia sisi tuliobaki alivyojibu, na jibu lilikuwa lilelile: tangu nikiwa mdogo nilipenda kuhudumia wagonjwa. Na mimi nilijibu hivyohivyo. Mama mmoja wa jopo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, akaandika kitu bila kuinua kichwa. Mpaka leo sijui kama aliandika alama au alichora ua.

Nikiwa mdogo nilikuwa naogopa zahanati kuliko jando. Nimekulia uwanda wa juu wa Wamakonde, upande wa Newala, ambako mvua ikinyesha watu hawakimbilii ndani, wanakimbilia ndoo. Ninachokumbuka cha zahanati yetu ni benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya wagonjwa, harufu ya spiriti, na sauti ya kike ikisema, "Geuka." Penzi la kuhudumia watu lingeniingia saa ngapi?

Basi ngoja nijibu leo, jopo halipo.

Nilimaliza kidato cha nne 2012. Wa rika langu wakisikia mwaka huo wanaanza kucheka kabla sijaendelea. Matokeo yalipotoka mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na ziro, na mimi nikiwemo. Yalibandikwa ukutani shuleni, nikayafuata kwa kidole, kidole kikafika kwenye namba yangu kikagoma kuondoka. Nilirudi nyumbani nikachukua panga, nikaenda kufyeka chini ya mikorosho bila kutumwa na mtu. Mama aliponiona hakuuliza matokeo.

Kelele zikawa kubwa, tume ikaundwa, matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Yalipotoka mara ya pili nikajikuta na Divisheni IV: C ya Kiswahili, halafu D zangu tatu za Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kati ya matokeo ya kwanza na ya pili sikufungua daftari hata moja. Kichwa ni kilekile. Kilichosogea ni mstari wa kukatia, na mstari huo ndio ulionipa taaluma. Ndiyo maana nikimsikia mtu anasema alizaliwa awe muuguzi, huwa namsikiliza tu.

Hata hapo sikuwaza hospitali. Kwetu Mtwara 2013 ulikuwa mwaka wa gesi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, Januari kumetokea vurugu za kulipinga, Mei zikatokea tena, na katikati ya hasira zile kila kijana alikuwa na ndoto moja: kofia ngumu, ovaroli ya buluu, mshahara wa kampuni. Mimi nilitaka kwenda VETA Mtwara nikasomee uchomeleaji. Mashine yenyewe nilikuwa sijaigusa. Nilikuwa nimeiona kwa fundi mageti pale Newala mjini, cheche zinaruka, naye amevaa miwani nyeusi kama msanii.

Lakini uamuzi haukuwa wangu. Wala haukuwa wa baba. Kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa majirani zetu Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba alikuwepo, mzima wa afya, analima korosho zake. Suala la mimi kusoma lilipowekwa mezani akasema, "Mwiteni mjomba wake," kisha akaendelea kunywa uji.

Mjomba alikuja kwa baiskeli. Akanisikiliza habari zote za gesi mpaka nikaishiwa maneno.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja, "hiyo gesi inaingia kwenye bomba, bomba linakwenda Dar es Salaam. Wewe utabaki hapa unaliangalia. Wagonjwa hawapiti kwenye bomba. Wagonjwa wako hapahapa."

Nilidhani ni hekima za wazee. Miaka baadaye ndipo mama aliponieleza kilichokuwa nyuma yake. Mke wa mjomba aliwahi kulazwa wiki sita, hospitali ya mbali, na katika wiki hizo sita mjomba hakumpata mtu hata mmoja wa kumweleza mkewe anaumwa nini. Madaktari walipita raundi, wakasema maneno yao, wakaenda kitanda kinachofuata. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na binti yake nesi wa wodi nyingine, na yule binti alikuwa akija jioni, anasoma faili, anamweleza mama yake kila kitu kwa Kimakonde. Mjomba aliangalia jambo hilo wiki sita. Alipotoka pale alikuwa ameshaamua kwamba ukoo wetu lazima uwe na mtu ndani. Aliyekuwa na D tatu za sayansi wakati huo nilikuwa mimi.

Nimewauliza wenzangu wengi tangu hapo, zamu za usiku zina maswali ya namna hiyo, na nasema bila kupepesa macho: watu wengi wa afya ninaowajua huku kusini walitumwa. Ukoo ulitaka mtu wake ndani, ukamtafuta aliyefaulu, ukamtuma. Kupenda kazi kulikuja baadaye, kwa waliojaliwa kupenda.

Niliomba utabibu, nikapangiwa uuguzi na ukunga. Sikuwa najua kwamba mwanamume anaweza kusomea ukunga. Bibi mzaa mama, ambaye kwa mikono yake alipokea watoto wa karibu nusu ya kitongoji, na ambaye tangu nizaliwe ananiita mume wangu, alipopewa habari aliweka chini ungo wa mtama.

"Haya, njooni mumwone mume wangu," akaita majirani. "Anakwenda kusomea kuzalisha wake za watu!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini utani ule ulikuwa na mfupa ndani. Mambo ya uzazi kwetu ni ya wanawake, yanafundishwa unyagoni, na mwanamume hata mlango wa nyumba ile hausogelei. Baada ya siku hiyo bibi hakunigusia tena habari za chuo. Nikienda likizo ananiuliza bei ya nauli.

Ada ililipwa kwa korosho, kama zilivyolipwa ada za karibu darasa zima. Korosho zinaokotwa, zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinasubiri mnada, na fedha inakuja baadaye, ikija. Chuoni watu waliofuatilia minada kwenye redio tulikuwa wa aina mbili, wanafunzi na mhasibu. Msimu mmoja malipo yalichelewa, nikazuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani nikiwa na kalamu mkononi. Mwalimu mmoja akatoka akamwambia msimamizi, "Huyu baba yake ana korosho ghalani, mwache afanye." Hilo ndilo lililokuwa dhamana yangu, magunia ambayo hakuna mtu aliyeyaona.

Darasani nilikuwa mtu wa kati, au chini kidogo ya kati. Nilikuwa nakaa nyuma nikiamini kwamba siku moja watagundua zile D zangu zilitoka mara ya pili. Mpaka siku ile mwalimu wa magonjwa ya kuambukiza, mtu wa kaskazini, alipoandika neno moja ubaoni akauliza ni la lugha gani. Chikungunya. Mmoja akasema Kijapani. Mwingine akasema ni la Kongo, magonjwa yote yanatoka Kongo. Nikanyoosha mkono.

"La kwetu, mwalimu. Ni Kimakonde."

Akaniita mbele. Ndipo niliposikia kwamba ugonjwa huo, ambao leo umo kwenye vitabu vya tiba dunia nzima, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wetu wa Newala, na jina wakalichukua kwa wagonjwa wenyewe: kile kinachokunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mtu. Mimi habari za kitabuni sikuwa nazo. Neno nilikuwa nalo, nilikuwa nimelisikia kwa bibi. Na lugha hiyohiyo nilishawahi kuchapwa fimbo kwa kuizungumza shuleni. Siku ile nilirudi kwenye kiti changu, nikakisogeza mstari mmoja mbele.

Leba niliingia mara ya kwanza wakati wa fildi, zamu ya usiku, kwenye hospitali ambayo umeme wake ulikuwa unakwenda na kurudi kama mgeni asiyejua kuaga. Alikuwepo mama kijana, mimba ya kwanza, uchungu umeanza tangu mchana. Akaniona.

"Huyo simtaki. Huyo mwanamume."

Sista wa zamu hakubishana naye, wala hakunitetea. Aliniambia, "Simama kichwani. Mpe mkono wako aushike. Kingine chochote usiguse mpaka nikwambie." Nikasimama. Kwa saa tatu kazi yangu ya uuguzi ilikuwa kubanwa vidole na mtu asiyetaka kuniona. Uchungu ukija anabana, ukipoa anautupa mkono wangu kama kitu cha mtu mwingine.

Kwenye saa tisa na nusu sista akanipa fetoskopu ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ile ya mbao iliyokaa kama tarumbeta ndogo. "Inama, weka sikio, mikono usiishikie." Mwanzoni nilisikia damu yangu mwenyewe. Kisha, kwa mbali, kama saa ya mkononi iliyofungwa ndani ya mto, nikaisikia. Nikahesabu nikiangalia mshale wa saa ukutani. Mia moja thelathini na nane.

"Unasikia nini?" yule mama akaniuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu anikatae.

"Anakimbia."

"Anakimbilia wapi?"

Sista alicheka mpaka akaegemea kitanda. Yule mama naye akaanza kucheka, uchungu ukamkatisha. Baada ya hapo hakunikataa tena. Sidhani kama alinikubali. Nadhani alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kushughulika nayo. Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya alfajiri, mvulana, na hapana, hakupewa jina langu, hayo ni mambo ya kwenye hadithi.

Nilimaliza cheti 2015 nikijua ajira inanisubiri, kama ilivyowasubiri walionitangulia. Mwaka uliofuata ajira serikalini zikasimamishwa, watumishi wanahakikiwa. Nikarudi nyumbani na cheti kwenye bahasha ya kaki. Rafiki yangu wa chuo akaenda kuuza duka la dawa muhimu huko Masasi, na yuko hukohuko mpaka leo, ana maduka mawili, akinipita kwa pikipiki yake ananipigia honi ya huruma. Mimi nikaenda kujitolea kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Posho ilikuwa shilingi elfu hamsini kwa mwezi, mwezi ambao ilikuwepo.

Pale nilimkuta mama mmoja ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinipa majina ya vitu, yeye akanipa vitu vyenyewe. Analetwa mtoto aliyekaukiwa na kuhara, macho yamezama, mishipa imejificha yote. Mimi nimeshamchoma mara mbili nimekosa, jasho linanitoka. Yeye anakata ukosi wa glavu, ule mpira wa pale kwenye kifundo, anamvisha mtoto kichwani kama kilemba. Anasubiri. Wala haangalii, anapapasa kwa ncha ya kidole juu ya sikio, macho yako dirishani kama anayesikiliza redio ya jirani. Kisha kanula ya njano, ile sindano ndogo ya dripu, inaingia mara moja, damu inarudi, plasta, basi. "Mshipa wa mtoto hautafutwi kwa macho," anasema, anakwenda kunawa.

Aprili 2017 majina ya watumishi wenye vyeti vya kughushi yalitangazwa, 9,932 nchi nzima. La kwake lilikuwemo. Alikuwa ameingia chuoni kwa cheti cha kidato cha nne cha ndugu yake, zaidi ya miaka kumi na tano nyuma. Ukunga aliusomea mwenyewe, mitihani aliifanya mwenyewe, ila aliyeonekana kwenye cheti cha kuingilia hakuwa yeye. Aliondoka siku ileile, kabla ya saa ya chai.

Sitetei kughushi. Nafasi aliyoichukua chuoni mwaka ule ilikuwa ya mtu fulani aliyefaulu kihalali, na huyo mtu pengine hadi leo analima. Lakini huwa najiuliza: mimi mlango wangu ulifunguliwa na tume iliyosogeza mstari, yeye aliufungua kwa jina la dada yake, na kwa mtoto yule mwenye kilemba cha glavu ni nani kati yetu alikuwa muuguzi? Ninachokijua ni kwamba mapengo yale yalipoanza kujazwa ndipo na mimi nilipoitwa kazini. Naamini nimekalia kiti cha mtu kama yeye. Kwenye droo yake aliacha kanga mbili kuukuu, za kuwafunikia watoto ambao mama zao walikuja mikono mitupu. Ninazo mpaka leo.

Wapo walioingia kwa njia nyingine kabisa. Wazee wetu wengi walipitia misheni. Waanglikana walikuwa Masasi tangu 1876, Wabenedikti wakafungua Ndanda 1906, na ukiwahoji wastaafu wa zamani utasikia hadithi ileile, nilipelekwa kutibiwa, nikapona, nikaambiwa nibaki nisaidie kufua. Mlango huo ulifanya kazi hata kwa upande wa pili: Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika misheni ya Lulindi 1935 na baadaye akahudumu Mnero, aliishia kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania katika miaka ya 1970.

Na yuko dada mmoja wa kijiji ninachofanyia kazi sasa, ambaye alianza kwa fimbo. Huku kwetu matende na mabusha si habari ya kusimuliwa, tumekua tunayaona, na kila ulipofika ugawaji wa dawa kinga, kijiji kilichagua wa kuzigawa. Wakamchagua yeye kwa sababu, maneno yake mwenyewe, nyumba yake iko njia panda. Akapewa daftari na fimbo iliyochorwa mistari. Mtu anasimama kando ya fimbo, kichwa kikifika mstari huu vidonge viwili, mstari ule vitatu. Mizani haikuhitajika. Alizunguka na fimbo ile miaka mingi, watoto wakimwona wanajipanga wenyewe wapimane urefu. Anajua nyumba yenye mgonjwa wa kifua anayejificha, anajua binti aliyefunga kanga juu ya tumbo ili lisionekane. Serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024, wa kuwafundisha na kuwalipa watu kama yeye, akaja kuniuliza kama umri wake bado unaruhusu. Nilimsaidia kupeleka jina. Niliyemsaidia huyo, kwa kijiji kile, ananizidi mbali.

Mjomba amefariki miaka mitatu iliyopita. Alipata alichokitaka, mtu ndani, na pengine zaidi ya alichokitaka, kwa sababu sasa ndugu wote wa ukoo wana namba yangu. Saa nane usiku simu inaita: mtoto amemeza kifungo, baba mkwe presha, mke wa fulani chupa ya maji imepasuka na wako mbali na barabara. Huyo wa maji nawaambia wakate simu yangu wapige 115, gari la m-mama, lile la dharura za wajawazito, liwafuate, na mimi navaa viatu. Bibi bado yupo. Mwaka juzi alipanda bodaboda nyuma ya mama mwenye uchungu, akamshika kiuno njia nzima, akashuka nje ya zahanati na kukaa kwenye benchi mgongo umeuelekea mlango. Hakuingia. Nilipotoka nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, akauliza, "Kondo limetoka lote?" Nikasema lote. Akaomba nauli ya kurudia.

Jumapili iliyopita niliitwa kwa dada yangu. Binti yake amepata matokeo ya kidato cha nne, sayansi zote amepita, tena vizuri kunizidi mimi. Shemeji alikuwa amekaa uani anachambua korosho. Nilipomuuliza wamefikia wapi akasema, "Tumesema tumsubiri mjomba wake."

Sikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza binti anataka nini. Maabara, akasema, kwa sababu wa maabara hawaamshwi usiku. Nilitaka kumrekebisha, nikaacha. Nikamweleza kwamba siku hizi hata wa stashahada wanaweza kuomba mkopo wa serikali, kwa hiyo tusiutegemee mnada peke yake. Mtandao pale nyumbani haushiki, ukitaka intaneti unakwenda chini ya mkorosho mkubwa kaskazini mwa nyumba, mkono juu kidogo. Tukaenda tukafungua mfumo wa udahili kwenye simu yangu. Namba ya mtihani. Jina kamili. Chuo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alikuwa anaandika kwa kidole gumba, haraka, mimi namsomea.

Alipofika mwisho akapandisha ukurasa juu, akaushusha tena.

"Mjomba, hapa hakuna sehemu ya kuandika kwa nini."

"Haipo," nikamwambia. "Tuma."

Akabonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikasimama. Tukasogea hatua mbili zaidi kuelekea kwenye shina.